Kutoka pikipiki hadi parachuti: uzoefu wangu na kozi, vifaa na mazoea ya barabarani

Helmeti ya pikipiki iache nyumbani. Naanza nayo kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila anayeacha pikipiki ili aanze kuruka, na jibu lake linafanana na majibu ya maswali mengine mengi. Ni nzito, na parachuti inapofunguka kwa kishindo shingo ndiyo inayobeba uzito huo. Kidevu chake kimetokeza mno: ukiinama kutafuta vishikio vya dharura kifuani, huvioni. Kingo na matundu yake ya hewa ni mahali pa kamba kunasa. Jaketi la ngozi nalo halina kazi. Glavu nene ni hatari kabisa, maana vidole lazima vitambue kishikio kwa kugusa tu, bila kuangalia. Buti zinaweza kupita, ila zisiwe na ndoano za kufungia kamba. Kwa hiyo katika kabati zima la mwendesha pikipiki unabaki na soksi na pengine buti.

Ninachopima hapa ni kozi ya AFF, ile ya kuruka na wakufunzi pembeni yako badala ya kufungwa kifuani mwa mtu, mpaka leseni ya kwanza, pamoja na seti ya kwanza ya vifaa. Kwa mfumo wa Marekani leseni hiyo, A, inataka miruko 25. Nitasema mapema: kozi ni nzuri na naipendekeza, lakini kinachotangazwa, yaani kule kuanguka, ndiyo sehemu rahisi. Mwendesha pikipiki atasumbuka kwenye kukunja kitambaa, kwenye kusubiri, na kwenye mita 100 za mwisho. Hizo mita 100 ndizo zitakazochukua nafasi kubwa hapa.

Siku ya kwanza ni darasa linalochukua muda wa saa nne hadi nane, kisha ndege hadi karibu mita 4,000. Miruko ya mwanzo unashikwa na wakufunzi wawili, baadaye mmoja, baadaye unaachiwa. Sekunde kumi za kwanza unashuka kama mita 300. Baada ya hapo kila mita 300 zinakwenda kwa sekunde tano na kidogo, kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa. Mwanafunzi hufungua kwenye mita 1,700. Ukipiga hesabu, muda wote wa kuporomoka haufiki dakika moja. Ndiyo maana dakika kumi kwenye handaki la upepo, lile jengo la feni kubwa, zina thamani ya miruko kumi kwa upande wa mkao. Ukiweza, pita huko kabla ya kozi. Utaokoa kurudia hatua.

Mkao ndipo pikipiki inapoanza kukudai. Miaka ya barabarani inakufundisha kujikunja: mgongo wa mviringo, mabega mbele, magoti yakibana tangi. Hewani mkao huo unakupindua chali kama kobe. Kinachotakiwa ni kinyume chake: nyonga mbele, kidevu juu, mikono wazi na mwili umelegea. Kuna kosa jingine ambalo wakufunzi huona mara moja bila kuambiwa ulikotoka: miguu iliyozoea kukanyaga vyuma vya pikipiki hujikunja visigino vikaelekea makalioni, nawe unarudi nyuma taratibu, mbali na mkufunzi, huku ukidhani umetulia. Dawa ni kunyoosha miguu kidogo tu, hadi uhisi upepo unasukuma mifupa ya miundi.

Wakati wa kufungua, mkono wa kulia unakwenda chini ya mkoba kushika parachuti ndogo ya kuvutia, na wa kushoto lazima upande juu ya kichwa kwa wakati huohuo. Ukiusahau wa kushoto, unageuka ubavu, parachuti inatoka huku unazunguka, na kamba zinajisokota. Msokoto wenyewe si mwisho wa dunia: panua kwa mikono miwili mikanda inayotoka mabegani kwenda kwenye kamba, piga miguu kama unayeendesha baiskeli, utajifungua. Slaida, kile kitambaa cha pembe nne kinachoshuka kwenye kamba ili kupunguza kishindo, ikikwama juu, au vyumba vya pembeni vya kitambaa, ambavyo hujaa hewa, vikibaki vimefumba, vuta breki zote mbili, yaani vile vishikio viwili vya kuongozea parachuti, hadi chini, shikilia kidogo, achia, rudia. Lakini yote haya yana mwisho: kwenye mita 750 mwanafunzi anaacha kutengeneza na anaamua. Kama parachuti si pana, haijatulia, au haikutii, unaikata na kufungua ya akiba.

Kukata kunafanywa na pete tatu, ubunifu wa Bill Booth wa miaka ya 1970, na inafaa kuzitazama kwa karibu ukiwa chini. Begani pete kubwa ya chuma imeshonwa kwenye mkanda wako. Pete ya kati inapita ndani yake na kukunjwa juu, ndogo inapita ndani ya ya kati, na ndogo nayo inazuiwa na kitanzi chembamba cha uzi kinachotokeza upande wa pili wa mkanda. Kitanzi hicho kinashikiliwa na waya laini wa njano tu. Kila pete inapunguza mzigo kabla haujafika kwa inayofuata, ndiyo maana mwili mzima unaning'inia juu ya uzi na bado mkono mmoja unaweza kuuachia. Mfumo huu ni kama mnyororo wa pikipiki: unafanya kazi bila kulalamika mpaka siku utakapousahau. Mara moja kwa mwezi fungua pete, kunjakunja utepe uliokakamaa kwa vidole, futa waya wa njano, kisha funga tena mbele ya mtu anayejua. Pete moja ikipita mahali pasipo pake, mpangilio mzima umeharibika.

Kuna pia kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe usipoifungua wewe, nacho kina tabia zake. Cypres, chapa mojawapo ya kifaa hicho iliyoanza kuuzwa 1991, katika modi ya wajuzi hukata kitanzi kinachofunga parachuti ya akiba kwenye mita 225 ikiwa bado unashuka kwa mita 35 kwa sekunde au zaidi. Modi ya wanafunzi ni nyepesi zaidi: mita 13 kwa sekunde zinatosha. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye parachuti nzima, akizungusha kona kali karibu na ardhi, anaweza kukiamsha na kujikuta na parachuti mbili juu ya kichwa. Mpenda kona amesikia. Tena kiwashe ukiwa uwanjani unaporukia, si mahali pengine, kwa sababu kinachukua shinikizo la hewa la hapo kama sifuri yake.

Kukunja parachuti kunachukua dakika 40 mwanzoni, kwa jasho na matusi, na baadaye kumi na kitu. Funga breki kwanza. Halafu vuta kamba ya ndani ya parachuti ndogo hadi rangi yake ionekane kwenye kidirisha cha utepe. Usipoiona, parachuti ndogo itatoka nyonge na kuburuzwa nyuma yako bila kuvuta chochote. Fuata kamba kutoka mikononi hadi kitambaani, tenganisha vyumba kimoja kimoja, kisha sukuma slaida hadi iguse vizuizi vyake vyote vinne. Hapa usiharakishe. Slaida iliyoteleza chini sentimita chache ndiyo chanzo cha mifunguko inayoacha michubuko mapajani. Ukiingiza kitambaa kwenye mfuko wake unaokaa ndani ya mkoba, panga kamba kwenye mipira ya kufungia kwa mafungu yaliyo sawa, na uache karibu nusu mita isiyofungwa kuelekea mkobani. Mwisho kitanzi cha kufungia: pini iingie kwa kubana. Kitanzi kilicholegea au kulika hakigharimu kitu kubadilisha, lakini kikiachia pini ukiwa mlangoni, parachuti inaweza kutoka na kukuburuza dhidi ya mkia wa ndege.

Sasa mita 100 za mwisho. Parachuti ya mwanafunzi inakwenda mbele kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa na haina klachi, haina mafuta ya kukata, haina kusimama pembeni kujipanga. Ratiba ni ileile kila mara: kwenye mita 300 unakwenda na upepo, kwenye 200 unakata kuvuka upepo, kwenye 100 unageuka kuukabili, na baada ya hapo hakuna kona tena. Kwenye lami, kona iliyokubana unaiokoa kwa kulaza pikipiki zaidi. Silika hiyo ndiyo ya kwanza kuua huku. Ukivuta upande mmoja chini ya mita 30, parachuti inapiga mbizi, mwili wako unatupwa nje kama jiwe kwenye kombeo, na ardhi inafika kabla kitambaa hakijarudi juu ya kichwa. Vifo vingi vya mchezo huu hutokea namna hii, chini ya parachuti isiyo na kasoro yoyote.

Mbele kukiwa na uzio, vuta kwanza breki zote mbili nusu, kisha ongeza upande mmoja kidogo tu. Utageuka bila kuzama. Na kama huna nafasi hata ya hilo, tua ubavu kwa upepo, au hata na upepo mgongoni, ukiwa umenyooka, miguu na magoti pamoja, ubiringike. Ni afadhali uchafuke kuliko uvunjike.

Kuvuta breki za kutua kunafanyika kwenye mita tatu au nne, mikono yote miwili kwa pamoja. Makosa mawili ya watu wa pikipiki: kwanza, mkono wa kulia, ambao barabarani ndio wenye breki ya mbele, unatangulia ukishtuka, na parachuti inageukia kulia. Pili, kunyoosha mkono upande unaoangukia. Mkono huo bado umeshika kishikio, kwa hiyo unazidi kuvuta upande uleule. Ila kuna silika moja ya barabarani inayosaidia sana, nayo ni macho. Anayejua kwamba ukikodolea shimo utaliingia, anaelewa papo hapo kwa nini hapa unaangalia mbele uwanjani na si kwenye nyasi zilizo chini ya miguu.

Ukubwa wa kitambaa ndio ujazo wa injini wa huku, ila umegeuzwa: kadiri kinavyopungua ndivyo kinavyokuwa kikali. Mtu wa kilo 80 mwenye vifaa vya kilo 12 ana ratili 203 hivi. Kwenye futi za mraba 230 anabeba ratili 0.88 kwa kila futi. Kwenye 150 anabeba 1.35, na hiyo si parachuti ya kwanza ya mtu yeyote, hata kama kwenye pikipiki ulikuwa na injini ya lita nzima. Uzoefu wa kasi hauhamishiki.

Muda: ukifika asubuhi na kuondoka jioni, miruko mitatu au minne ni siku nzuri. Mawingu yanafunga, upepo unapita kilomita 22 kwa saa ambazo Marekani ni kikomo cha wanafunzi, ndege inajaa. Pikipiki unaiwasha saa yoyote, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote. Halafu mchezo huu hausamehe likizo: mwanafunzi aliyekaa siku 30 bila kuruka anarudi kwenye mafunzo ya kukumbushia, na mwenye leseni A baada ya siku 60. Gharama nazo zimegeuka. Pikipiki inameza pesa siku ya kununua. Kuruka kunameza kila unapopanda ndege, na parachuti ya akiba hufunguliwa na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti, Marekani kila siku 180, hata kama haikuguswa.

Kabla ya kulipia chochote, jikague bega. Waendesha pikipiki wengi wana bega lililowahi kuchomoka au mtulinga uliovunjika. Bega linaloweza kutoka wakati mkono uko juu ya kichwa, kwenye upepo wa kilomita 190, ni sababu tosha ya kukataliwa, na ni haki. Mafua pia: masikio yaliyoziba hayatafunguka kwa kushuka kilomita nne ndani ya dakika chache.

Vifaa vilivyotumika ni sawa na ndivyo wengi huanza navyo, ila havinunuliwi kwa picha. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwa kile kifaa cha kujifungua, kwa sababu kina umri wa mwisho wa matumizi. Angalia kamba za breki pale zinapopita kwenye pete, ndipo zinapolika kwanza. Vaa mkoba na ukaze mikanda, kwa kuwa ulioshonewa mtu mwenye kiwiliwili kirefu utakupanda hadi masikioni parachuti ikifunguka. Na usitoe pesa mpaka fundi uliyemchagua wewe, si muuzaji, aifungue ile ya akiba, aitandaze, na aandike alichokiona kwenye kadi yake.