Stelingi ililia, pampu haikuwa na kosa

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, na ndiyo gari pekee nyumbani kwetu. Mwezi wa tatu ilianza kulia. Kila nikikata kona taratibu, hasa nikiingiza gari getini au nikitafuta pa kuegesha Kariakoo, chini ya boneti kulitoka mlio mzito, nguuuu, kama ng'ombe anayelalamika mbali, na usukani unatetemeka mikononi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mlio ulizidi. Barabara ikinyooka, kimya.

Nilipata huduma mbili tofauti kwa tatizo hilo hilo. Nazieleza zote mbili kwa sababu ya kwanza ilinila pesa nyingi na ya pili ilinifundisha kitu ambacho kila mwenye gari la zamani anapaswa kukijua kabla hajatoa pochi.

Gereji ya kwanza ni kubwa, ina uzio na vijana wengi. Kijana mmoja alifungua boneti, akaniambia nizungushe usukani mara moja, akasema, "Mama, pampu ya stelingi imekufa." Hakufungua hata kopo la oili ya stelingi. Pampu ya mtumba shilingi 130,000, ufundi 30,000. Nililipa, nikaondoka gari ikiwa kimya, nikashukuru. Siku ya nne mlio ukarudi vilevile. Niliporudi kwao wakaniambia sasa ni reki, kile chuma kirefu kinachogeuza matairi, niandae 350,000. Nilikaa garini nje ya geti nikafikiria ada ya muhula unaofuata, nikawasha gari nikarudi nyumbani bila kujibu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini huku kwetu Tabata. Hana gereji. Ana sanduku la spana, jeki mbili, stendi zake na tochi. Anatoza 20,000 kukagua tu, na hiyo haikatwi kwenye matengenezo. Nilisita, kwa sababu tumezoea ukaguzi uwe wa bure. Sasa naona ile ya bure ndiyo iliyonigharimu 160,000.

Baada ya kuniitikia marahaba, alianza na maswali. Inalia ukiwa umesimama au ukitembea? Ukizungusha tu, au hata usukani ukiwa umenyooka? Kutetemeka kunakuja wakati gani? Nilimjibu kwamba inatetemeka nikiegesha, na pia nikifika kilomita 90 kwenye barabara ya Morogoro. Akanyanyua mkono. "Mwanangu, hayo ni magonjwa mawili. Tuanze na la kwanza."

Akafungua kifuniko cha kopo la stelingi, akamulika ndani kwa tochi, akaniita nitazame. Oili ya gari hili inatakiwa iwe nyekundu na iliyotulia. Niliyoiona ilikuwa povu la waridi, kama juisi ya tikiti iliyotoka kwenye blenda sasa hivi, na vipovu vidogo vinaendelea kupanda. "Hii imemeza hewa," akasema. Pampu ikivuta oili yenye hewa, inalia na usukani unatetemeka, hata kama pampu yenyewe ni nzima kabisa.

Kabla ya kugusa kitu akaondoa shaka ya mkanda unaozungusha pampu. Alinyunyiza maji kidogo kwenye mkanda huku injini inaunguruma, mimi nikizungusha usukani. Mkanda uliolegea au kukauka hupiga kelele nyembamba, kwiii, na ukimwagiwa maji sauti hubadilika palepale. Yangu haikubadilika. Kisha akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa pampu na mpini sikioni, akasikiliza, akahamia kwenye altaneta, akarudi. Mlio ulitoka kwenye pampu kweli. Yule kijana wa gereji ya kwanza hakukosea mahali sauti inapotoka. Alikosea kinachoisababisha, na hakutumia dakika tano kukitafuta.

Mzee alinichorea kwa kijiti mchangani. Oili inashuka kutoka kwenye kopo kwa hosi ya mpira hadi kwenye pampu, pampu inaisukuma kwa nguvu kwenye paipu ya presha hadi kwenye reki, kisha inarudi kwenye kopo. Paipu ya presha ikipata tundu, oili inaruka nje na utaiona chini. Lakini ile hosi ya kushuka inanyonywa. Ikiwa na ufa mdogo, au klipu yake imelegea, hewa inaingia ndani na huenda isitoke hata tone moja. Ndiyo maana uvunguni mwangu palikuwa pakavu, na mimi nikaamini hakuna kinachovuja.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichota grisi kwa kidole, akaipaka nene kuzunguka maungio ya ile hosi pale inapoingia kwenye pampu, akaniambia niendelee kuzungusha usukani polepole. Mlio ukaanza kupungua. Baada ya kama dakika mbili ulikuwa umefifia hadi nikazima feni ili nisikie vizuri. Grisi ilikuwa imeziba njia ya hewa. Alipoivua ile hosi na kuikunja mbele yangu, mpira ulikuwa mgumu kama ganda la nazi, na mwishoni, pale klipu inapobana, kulikuwa na nyufa nyembamba zinazozunguka. Gereji ya kwanza walifunga pampu nyingine, wakarudishia hosi ileile. Oili mpya na klipu iliyokazwa upya vilininunulia siku tatu za utulivu.

Hosi ya kuhimili oili ilinigharimu 25,000, klipu mbili 3,000, na lita mbili za ATF, yaani oili ya gia otomatiki, 28,000. Hapa naomba mnisikilize vizuri: someni kifuniko cha kopo. Kwangu kimeandikwa Dexron, na hiyo ni aina ya kawaida ya ATF. Honda wana oili yao wenyewe. Usikubali mtu akuongezee oili ya breki kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, inaharibu siili zote za mpira. Na kama una Vitz au Passo, stelingi yako ni ya umeme, haina kopo wala oili, kwa hiyo anayetaka kukuuzia oili ya stelingi mwache aende zake.

Kutoa hewa kulichukua muda mrefu kuliko kubadilisha hosi. Alinyanyua mbele, akaweka stendi, injini imezimwa. Nilizungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, zaidi ya mara ishirini, yeye akiongeza oili kila ilipopungua. Ndipo tukawasha, tukarudia, tukazima tena kusubiri vipovu vipande. Alinikataza kuushikilia usukani ukiwa umefika mwisho, kwa sababu pale presha inapanda juu kabisa na oili inapata moto sana. Kumbe nimefanya hivyo miaka yote nikigeuza gari uchochoroni.

Mlio ukaisha. Kutetemeka nikiegesha kukabaki kidogo, na hapo ndipo nilipomwamini zaidi, kwa sababu hakujifanya kazi imekwisha. Aliniambia nizungushe usukani huku yeye akitazama injini: kila nilipozungusha, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilishuka na injini ikaruka upande. Injini maunting ya mbele, ule mpira unaoishikilia injini, ilikuwa imechanika. Stelingi ya oili inaielemea injini, injini ikitikisika kwenye maunting mbovu mtikisiko unafika mikononi. Toyota nyingi za miaka ya 90 pia zina kivalvu kwenye pampu cha kupandisha sailensa unapokata kona, akakikagua na hosi zake ndogo, kikawa kizima. Maunting tuliibadilisha wiki iliyofuata.

Mtetemeko ule wa kilomita 90 haukuhusu stelingi hata kidogo. Alishika tairi kushoto na kulia akaitikisa, tairodi, vile vyuma vinavyosukuma tairi likate kona, hazikucheza. Akashika juu na chini, boljointi na beringi, viungo vinavyoshika tairi, navyo havikucheza. Akanituma kwenye balansi, wanaposawazisha uzito wa tairi. Tairi mbili za mbele, 10,000, ikaisha siku hiyohiyo.

Yapo yasiyonifurahisha. Aliniahidi saa mbili asubuhi, akafika saa nne. Hana risiti, kwa hiyo kama ofisi yako inadai stakabadhi, utapata shida. Na mvua ikinyesha kazi inasimama. Lakini kila kifaa alichotoa alinionyesha na kunikabidhi. Ile hosi ninayo jikoni juu ya kabati, nimemwonyesha kila aliyenitembelea.

Aliniuliza pampu yangu ya mwanzo iko wapi. Nikamwambia niliiacha kule gereji, waliniambia ni skrepa. Akanyamaza kidogo, akasema pampu ya mtumba niliyofungiwa ina mvumo mwembamba asubuhi, itaendelea kufanya kazi, ila huenda ile yangu ilikuwa nzima kuliko hii. Nilirudi gereji kesho yake kuiomba. Ilikuwa imeshauzwa.