Kuacha sigara: kukata ghafla au bazoka ya nikotini?

Kwa gharama, kukata ghafla kunashinda bila ubishi: hulipi kitu, na hela ya sigara inabaki mfukoni. Bazoka ya nikotini inauzwa duka la dawa, ukiipata. Nje ya miji mikubwa mara nyingi haipo, ingawa WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Kazi iko kwenye arosto. Ukikata ghafla, siku za mwanzo huwa kali: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito. Bazoka hupunguza makali hayo na huongeza uwezekano wa kufanikiwa. Ila ina masharti, na wengi huyapuuza. Haitafunwi kama ya watoto: tafuna taratibu mpaka usikie kama pilipili, ibane shavuni, ikipoa rudia. Kahawa au soda robo saa kabla huiharibia kazi. Ukitafuna kwa pupa, utapata kwikwi na kiungulia.

Unayewasha ya kwanza hata hujapiga mswaki, anza na ya miligramu 4. Mvutaji wa mbili tatu za jioni kijiweni, kata tu, na kijiwe ukipe mgongo kwa muda. Mjamzito au mgonjwa wa moyo, daktari kwanza.