Picha Moja, Njia Tatu, na Ubishi wa Nyanya

Haya, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala spika ya kuwatikisia madirisha. Nina hii hapa. Sogeeni muione vizuri. Kasha la sidii, yaani DVD ya sinema ya zamani, limepasuka pembeni, karatasi ya juu imefifia hata sura ya staringi haionekani. Nimeinunua shilingi 200 kwa mzee mmoja anayeuza redio za zamani karibu na Mwembe Tayari, na king'amuzi nalipia kila mwezi, mtandao nalipia kila mwezi. Subirini mjue kati ya hizo tatu ni ipi iliyoshinda kwa kutazama sinema za zamani.

Chanzo ni nyanya yangu. Tuko Kibokoni usiku, baada ya isha, chai na mahamri, maneno yakafika kwenye sinema. Nyanya akasema alipokuwa msichana khalati yake alimpeleka ukumbi wa sinema wa Regal, onyesho la mchana la wanawake peke yao, kutazama picha ya Kihindi, Mughal-e-Azam. "Picha ilikuwa haina rangi," asema. "Halafu yule mwanamke alipoanza kucheza mbele ya mfalme, rangi ikaingia. Ukumbi mzima ukapiga kelele." Sisi wajukuu tukatazamana. Binamu yangu akacheka, akamwambia, "Nyanya, umechanganya. Mimi nimeiona kwa TV, ina rangi mwanzo mpaka mwisho." Nyanya akanyamaza kwa ile namna yake ya kunyamaza, nyinyi wenye nyanya mwaijua. Mimi sikusema kitu, lakini nakiri kwamba moyoni nilikuwa upande wa binamu.

Basi nikasema tujaribu. Picha moja, njia tatu, saa ya simu mkononi, na nyanya kwenye kochi awe ndiye mkaguzi.

Tukaanza na king'amuzi. Sitataja cha nani, nisije nikapigiwa simu. Nikachungulia ratiba ya chaneli za Kihindi siku baada ya siku mpaka ikaja, Jumapili mchana. Kufikia mwisho wake ilikuwa jioni, kwa sababu kila baada ya wimbo yalikuja matangazo ya mafuta ya nywele. Ilikuwa na rangi mwanzo mpaka mwisho, kama alivyosema binamu. Na kwa kuwa TV zetu za siku hizi ni pana na picha za zamani nyingi ni za umbo la karibu mraba, skrini ikaivuta kujaza pembe zote. Dilip Kumar, staringi wake, akawa na mashavu kama ana jino bovu. Hili lina dawa: shika rimoti, ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3. Utaona ukanda mweusi kulia na kushoto, usiuogope, si kwamba TV imeharibika. Mama yangu alitaka kumwita fundi.

Nyanya alitazama mpaka mwisho. Nilipomuuliza akasema, "Hii si ile." Akainuka akaenda kuswali.

Wapenzi wa picha za Marekani, kwenye ving'amuzi hali yenu ni ngumu zaidi. Ilikuwepo chaneli ya TCM, kazi yake ilikuwa picha za zamani, unawasha usiku wowote unakuta mtu na kofia na sigara. Mwaka 2018 kwa upande wetu wa Afrika ikageuzwa kuwa chaneli nyingine, TNT, na za zamani zikaondoka nayo. Tangu hapo, ukikutana na picha ya miaka ya 1940 kwenye TV, ni bahati tu.

Njia ya pili, mtandao. Netflix tumekuwa nayo Kenya tangu Januari 2016, lakini fungua utafute picha za kabla ya 1970 uone vidole vitachoka lini. Si duka la vitu vya zamani lile. MUBI, huduma nyingine ya kulipia mtandaoni, inafika huku na ina vitu vizuri ukipenda picha za watu wenye subira. Criterion Channel, ambayo kila mpenzi wa sinema kwenye video za ughaibuni huisifu mpaka mate yanaruka, ni ya Marekani na Kanada tu, kwa hivyo tusijisumbue.

Picha za Kihindi za zamani makao yake ni YouTube, na hapa sioni haya kusifu. Kampuni kama Shemaroo na Rajshri zimepandisha picha nzima nzima, bure, nyingine zina maandishi ya Kiingereza chini. Mtu aliyekuwa akipanga foleni nje ya kumbi za Naaz au Majestic kukata tikiti leo anaweza kukaa Likoni akingoja feri na Madhubala, yule mwanamke anayecheza mbele ya mfalme, yuko kiganjani. Hilo ni jambo kubwa.

Sasa shida. Niliandika jina la picha, zikaja nakala chungu nzima. Urefu wao? Moja saa tatu na kitu. Nyingine pungufu ya saa tatu. Nyingine ya saa mbili, imechongwa kama penseli. Sheria ya India huilinda filamu kwa miaka 60 baada ya mwaka iliotolewa, kwa hivyo za mwaka 1960 zilitoka kwenye ulinzi mwanzo wa 2021, na yeyote mwenye nakala, nzuri au mbovu, hujiona ana ruhusa ya kupandisha. Niliyobonyeza ni ile ya kwanza iliyokuja, kama ambavyo wewe ungebonyeza. Rangi tena! Nyanya akaangalia dakika kumi, akauliza kama tuna picha nyingine.

Na bando, jamani. Picha ya saa tatu kwa ubora wa kati, ule wa 480, hula giga moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi. Kama huna waifai ya nyumbani, pakua usiku kwa mtu mwenye waifai. Mimi huenda kwa ami yangu Tudor, nampelekea na embe ili asinune.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, kwa sababu nyanya si mtu wa kusema jambo mara tatu kama halipo. Na hii ndiyo habari yenyewe, sikilizeni.

Mughal-e-Azam ilitoka tarehe 5 Agosti 1960. Mtengenezaji wake, K. Asif, aliitengeneza kwa miaka mingi mpaka watu wakakata tamaa. Karibu na mwisho akapiga wimbo mmoja, Pyar Kiya To Darna Kya, kwa rangi za Technicolor, ndani ya ule ukumbi wa vioo, Sheesh Mahal. Alipoona matokeo yake akapagawa, akataka kurudia picha nzima kwa rangi. Wasambazaji wakakataa, walikuwa wamechoka kungoja. Kwa hivyo ikatoka hivyo hivyo: nyeusi na nyeupe, isipokuwa wimbo ule na sehemu ya mwishoni, zenye rangi.

Mwaka 2004 ikapakwa rangi yote kwa kompyuta ikarudishwa kwenye kumbi, Novemba 12. Na ikakatwa. Ya kwanza ilikuwa dakika 197, hii ya rangi ikawa 177. Dakika 20 zimekwenda!

Mmeona sasa? Nakala iliyo rahisi kupatikana, ile ya TV, ile inayokuja ya kwanza mtandaoni, ndiyo ambayo ndani yake kile alichokiona nyanya hakiwezi kutokea. Ikiwa kila kitu kina rangi tangu mwanzo, rangi itaingia vipi? Picha ipo, haikupotea, tena ipo kila mahali. Kilichopotea ni ule mshituko, na ndio uliowafanya wanawake wa Regal wapige kelele.

Njia ya tatu, basi. Hii sidii.

Kwanza deki yenyewe. Niliyo nayo ni kuukuu, shilingi 2,500, na kama mwatafuta, tafuteni isiyo na ubaguzi wa kanda za dunia. DVD zimegawiwa: Kenya tuko kanda ya 5, na India pia ni 5, kwa hivyo za India zinacheza bila matata. Uingereza ni kanda ya 2. Shangazi yangu wa Leicester alituletea mfuko mzima wa DVD, tukatia ya kwanza, deki ikatuandikia kwamba haitaki. Ya pili, haitaki. Deki nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, tafuta jina na modeli ya deki yako mtandaoni. Ajabu ni kwamba Blu-ray, zile diski za picha safi zaidi ya DVD, ziligawiwa kivingine kabisa: Afrika na Ulaya tuko pamoja kwenye B, na India iko C. Yaani Blu-ray ya shangazi itacheza, ya kutoka Mumbai huenda ikakataa. Aliyegawa sijui alikuwa amemkasirikia nani.

Zile sidii za mtaani zilizoandikwa "picha 12 kwa moja", ziacheni. Diski ya kawaida ya DVD hubeba giga 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Gawanya kwa picha 12 za saa tatu tatu uone kila moja imebaki na nini. Uso wa mtu ukitembea unakuwa viboksi viboksi. Afadhali moja ya kampuni, hata ikiwa na mikwaruzo.

Nani bado ana kanda za VHS kabatini? Ami anazo kama hamsini. Tukafungua sanduku, nyingi zimeota ukungu mweupe kwenye utepe, joto letu na hewa ya bahari havina huruma. Usiitie kwenye deki kanda yenye ukungu, utachafua hedi, ile sehemu inayosoma utepe, na kuambukiza zilizo nzima.

Turudi kwa nyanya. Nikatia sidii. Haina rangi. Akakaa sawa. Binamu naye alikuwepo, nilimwita makusudi. Picha si safi sana, kuna mistari, sauti ina mchirizo kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Saa ya kwanza, kimya. Mapumziko, tukanywa chai. Kisha Madhubala akaingia na vioo vyote, na skrini ikawa nyekundu na dhahabu. Nitasema kweli: mimi niliyekuwa najua inakuja, nimeshaisoma, nilisema "Lo!" kwa sauti. Nyanya hakutazama TV wakati ule. Alikuwa anamtazama binamu.

Nikaangalia saa mwisho. Dakika 195 na kidogo, nadhani wamepunguza yale majina ya mwanzo. Na hapa neno dogo kwa wenye kupima kama mimi: DVD za PAL, mmoja wa mifumo ya picha za TV, huharakisha picha, kutoka fremu 24 kwa sekunde hadi 25. Dakika 197 zitasomeka kama 189. Hiyo haijakatwa, inakimbia tu, na sauti za waimbaji hupanda kidogo. Usimgombeze muuzaji bure.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza wala hujatoa pesa, uliza dakika. Tafuta urefu wa asili, linganisha. Na mtandaoni ongeza maneno "black and white" kwenye utafutaji wako, mimi nilifanya hivyo baadaye nikaipata nakala isiyopakwa, ipo chini huko, huoni mpaka uichimbe.

Ubishi mwingine wa aina hii uko kwa ami, kuhusu Sholay, picha nyingine ya Kihindi. Yeye anaapa kwamba mwisho polisi wanafika na Gabbar, yule jambazi, anakamatwa. Rafiki yake anaapa kwamba Thakur, adui yake, anamuua kwa viatu vya misumari. Wamegombana miaka. Wote wawili wamesema kweli! Ilitoka Agosti 15, 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ikalazimisha mwisho ubadilishwe. Ule wa asili ulikuja kuzunguka baadaye kwenye kanda na sidii, na mwaka 2025 picha iliyorekebishwa upya, na mwisho wake wa kwanza, ilionyeshwa Bologna, Italia. Nilipowaambia hawakufurahi hata kidogo. Nafikiri waliupenda ule ugomvi.

Alama zangu, haraka. King'amuzi: kwa picha za zamani, silipii tena kwa sababu hiyo. Mtandao: ndio wa kwanza kujaribu, bure, ukiwa na macho ya kukagua. Sidii: kwa picha moja au mbili unazozipenda kufa, inunue, itoe nakala kwenye flashi, kisha iweke mahali pakavu.

Kazi niliyopewa sasa imenishinda, naomba msaada wenu. Nyanya ana picha nyingine anayoitaka. Jina hakumbuki. Staringi hamkumbuki. Anachokumbuka ni wimbo, na anaukumbuka kwa Kiswahili, kwa sababu aliusikia kwanza kwenye taarabu, na mwajua Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, alivyokuwa akichukua lahani za sinema na kuzivisha maneno ya kwetu. Hakumbuki hata kama ni Bhalo aliyeuimba au mwingine. Nimemrekodi akiuvumisha huku anachambua mchele, kipande kinakuja sasa hivi. Ongezeni sauti, feni ilikuwa inapiga kelele.