Kingamwili za kupima ERK: usinunue sungura wawili

Kosa linalojirudia maabara ni hili. Mtu anataka kupima ERK1/2, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine), kwenye seli za binadamu. Ananunua kingamwili inayotambua ERK iliyobandikwa fosfeti, yaani iliyoamka, ananunua na ya ERK yote, na zote mbili zimetengenezwa kwa sungura. Kila moja peke yake ni nzuri. Zikikutana kwenye utando mmoja wa western blot (karatasi inayoshika protini zilizotenganishwa kwa uzito) ndipo matatizo yanapoanza.

Kingamwili ya pili, ile yenye alama inayoshika ya kwanza ili ionekane, ikiwa ya kupinga sungura haijui sungura yupi ni yupi. Inabidi uvue utando kwanza, yaani uziondoe kingamwili za awali: SDS (sabuni kali) 2%, beta-merkaptoethanoli milimola 100, nyuzi 50, nusu saa. Hapo sehemu ya protini inaondoka, na kingamwili ya kwanza haitoki yote. Iliyobaki hukaa kwenye kilodaltoni 42 na 44, palepale unapotarajia kuona ERK yote. Unasoma mabaki ukidhani ni kipimo, na uwiano wako wa ERK yenye fosfeti kwa ERK yote unakuwa wa uongo bila dalili yoyote kwenye picha. Kwa hiyo, kabla ya bei, uliza mnyama.

Jozi ya kwanza, na siifichi kwamba naipendelea, ni ya Cell Signaling Technology: namba 4370 (kloni, yaani ukoo wa seli inayotoa kingamwili, D13.14.4E, sungura) kwa ERK yenye fosfeti kwenye Thr202/Tyr204 (threonini ya 202 na tairosini ya 204), na 4696 (kloni L34F12, panya mdogo, mouse, si rat) kwa ERK yote. Zote zimua 1:2000. Ukiwa na skana ya rangi mbili, tumia kingamwili za pili zenye rangi: IRDye 800CW ya kupinga sungura na IRDye 680RD ya kupinga panya, zote za mbuzi ili zisishikane zenyewe. Fosfeti ndiyo iende kwenye chaneli ya 800, maana upande huo una kelele kidogo. Kama una kingamwili za pili zenye peroksidasi tu (kimeng'enya kinachotoa mwanga), anza na fosfeti, piga picha, kisha ua peroksidasi kwa peroksidi ya hidrojeni 30%, dakika 15 kwenye nyuzi 37, ndipo uweke ya panya. Hakuna kuvua utando.

Ya pili ni jozi hiyo ikigeuzwa: 9106 (kloni E10, panya) kwa fosfeti na 4695 (137F5, sungura) kwa ERK yote. 

Kingamwili zinazotambua Tyr204 peke yake naziweka chini kabisa. MEK, kinasi inayoamsha ERK, huanza kubandika fosfeti kwenye tairosini, halafu threonini. ERK yenye ya tairosini tu bado haijaamka sawasawa. Za bei rahisi zisizotaja kloni, ziache.

Hata kingamwili bora haiokoi sampuli mbovu. Pasua seli moja kwa moja kwenye bafa ya SDS iliyo moto. Ukitumia bafa baridi, weka vanadeti milimola 1 na floridi ya sodiamu milimola 10, kuzuia fosfatasi (vimeng'enya vinavyobandua fosfeti). Vanadeti ichemshwe kwenye pH 10 mpaka rangi ya manjano iishe, la sivyo haizuii fosfatasi inavyotakiwa. Usizuie utando (kufunika nafasi zake tupu) kwa maziwa, kwani kaseini yenyewe ina fosfeti. Tumia albumini ya ng'ombe 5% ndani ya TBST (bafa ya chumvi yenye Tween). Na usitie azidi ya sodiamu kwenye bafa ya peroksidasi, inaiua.

Chupa ikifika, ijaribu kwa seli za HeLa (za saratani ya binadamu) zilizokaa usiku kucha bila seramu. Kundi moja liache hivyo, la pili lipe EGF (kichocheo cha ukuaji kinachoamsha ERK) nanogramu 100 kwa mililita kwa dakika 5, la tatu litangulizie U0126 (kizuizi cha MEK) mikromola 10 kwa nusu saa kabla ya EGF. La pili liwake, la tatu lizimike. Chupa iweke kwenye nyuzi -20 bila kuigawa. Gliseroli 50% haiachi igande.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaochukua kloni ya mwingine, wanabandika lebo yao na kupandisha bei, halafu picha kwenye karatasi ya maelezo imekatwa ibaki mistari miwili tu, hakuna hata ngazi ya uzito. Unalipa dola mia kadhaa kwa mikrolita 100 na hujui umenunua nini. Ukiagiza kupitia wakala, sema ankara iandikwe namba ya katalogi, kloni na mnyama. Akikuletea "inayofanana nayo", irudishe kabla hujaifungua.