Mama yangu aliambiwa afungue blauzi getini: uzoefu wangu wa ukaguzi kwenye bustani ya burudani

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Sitaongelea michezo ya ndani, wala foleni za bembea, wala saa za kufungua na kufunga. Hayo yako kwenye tovuti yao, kila mtu anaweza kusoma. Naongelea kile kipande kifupi cha njia, kuanzia unapoweka begi mezani mpaka unaporuhusiwa kulichukua. Hatua kama kumi na tano hivi. Kwangu zimetosha.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka saba, na mama yangu mzazi. Mama ana betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachousukuma moyo unaposita kupiga. Aliwekewa miaka kadhaa iliyopita baada ya kuanguka mara mbili bila sababu iliyoeleweka, na tangu hapo hajaanguka tena. Iko chini ya mtulinga wa kushoto, imeinua ngozi kidogo kama kiberiti kilichofichwa ndani ya shuka. Kila anayewekewa kifaa hiki hupewa kadi yenye jina lake na aina ya kifaa, na mama anaitunza kadi hiyo kuliko pesa. Ameitia kwenye kifuko cha nailoni, akakikunja mara mbili, kikae mfuko wa ndani wa mkoba. Simu anapokea kwa sikio la kulia tu, kwa sababu alielekezwa iwe mbali na kifaa angalau sentimita 15, na hata mkono wa kulia ukiwa na unga hawezi kukubali kuihamishia kushoto. Huyo ndiye mtu tuliyefika naye pale. Mtu anayefuata maelekezo neno kwa neno.

Tulipofika mbele ya lango la kukagulia, mama alikuwa ameshaitoa kadi. Hakusubiri kuulizwa.

"Mwanangu, nina betri ya moyo. Naomba nikaguliwe kwa mikono."

Kijana wa ukaguzi hakuitazama kadi. Alikuwa anatazama foleni nyuma yetu. "Pita tu, mama. Wote wanapita hapa."

Akapita. Niseme ukweli, hapo bado sikuwa na neno. Wataalamu wa moyo wanasema mwenye betri anaweza kupita kwenye lango la kugundua chuma kwa mwendo wake wa kawaida bila shida. Wanachokataza ni kuzubaa ndani yake au kuliegemea. Mama alipita vizuri. Lango likalia, na taa za pembeni zikawaka usawa wa kifua.

"Rudi."

Akarudi.

"Pita tena."

Likalia tena, taa zile zile.

"Simama hapo hapo."

Hapo hapo ni katikati ya zile nguzo mbili. Mahali pekee ambapo mama alishaambiwa asisimame. Alinigeukia kwa macho, nikamwambia, "Mama, toka, njoo mbele," na kijana akaniinulia kiganja kama anayesimamisha gari. Mama akasogea hatua moja tu mbele, akasimama, mikono ameinua kidogo pembeni kama alivyoona wengine wakifanya.

Kisha kikaja kifimbo cha mkononi cha kugundua chuma. Kijana alikipitisha begani, kiunoni, akakirudisha kifuani upande wa kushoto, kikalia, akakiacha pale. Si kukipitisha. Kukiacha. Nilisema mara tatu, "Kaka, toa hicho kitu kwenye kifua cha mama," na mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imeshapanda. Kifimbo kile hutengeneza uga wa sumaku, na maelekezo wanayopewa wagonjwa ni kwamba mkaguzi aombwe asikishikilie juu ya kifaa, au akague kwa mikono. Sababu ni kwamba betri ya moyo kazi yake ni kusikiliza. Inasikiliza kama moyo umepiga, na usipopiga inausukuma. Ishara ya umeme kutoka nje inaweza kuichanganya ikadhani moyo umeshapiga. Najua pia kwamba kwa sekunde chache hatari ni ndogo, na mara nyingi hakuna kinachotokea. Sisemi mama alikuwa anakufa pale. Nasema aliomba kwa adabu, kwa kinywa chake, akiwa na kadi mkononi, na akafanyiwa kile kile alichoomba asifanyiwe.

Kijana akagusa pale palipovimba kwa ncha ya kidole. "Hiki ni nini?"

"Nimekwambia, mwanangu. Ni betri."

"Fungua nione."

Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Alishika kadi kwa meno, kwa sababu mkoba wake ulikuwa bado upande wa pili wa meza, akafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi yake mbele ya foleni nzima. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, na kifungo cha pili kilimgomea. Mwanamume mmoja aliyekuwa amembeba mwanawe mabegani aligeuza uso akatazama pembeni, na namshukuru. Binti yangu hakugeuka. Alikuwa ameshika mwavuli wa bibi yake kwa mikono miwili na alilitazama lile kovu kama anaona kitu kwa mara ya kwanza. Kwa kweli alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza, maana bibi yake hajawahi kumwonyesha.

Ndipo kijana akaichukua kadi. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Kadi kama hizi mtu yeyote anaweza kuchapisha."

Hilo neno ndilo lililonileta hapa kuandika. Lango kulia ningesamehe. Hata kifimbo, labda ningesema ni ugeni wa kazi. Lakini umeshaona kovu, umeshaona kifaa chini ya ngozi, umeshagusa kwa kidole chako, halafu unasema kadi ni ya kughushi? Kovu nalo amelichapisha wapi?

Asije mtu akaniambia napinga ukaguzi. Siupingi. Nakumbuka dunia ilivyobadilika. Bustani kubwa za Marekani zilianza kupekua mabegi baada ya Septemba 2001, na Desemba 2015 zile maarufu za Florida na California ziliweka malango ya kugundua chuma. Watu walinung'unika, wakazoea, na mimi ni mmoja wa waliozoea. Nina mtoto mdogo, naye anaingia mahali penye maelfu ya watu. Nataka mtu mwenye bunduki azuiwe getini. Mimi huvua mkanda kabla sijaambiwa, hutoa funguo na sarafu mapema, na nikiona aliye mbele yangu anabishana na walinzi huwa nawatetea walinzi.

Na lango lenyewe halina kosa. Linatuma mapigo ya sumaku kutoka upande mmoja, chuma kikipita kinajibu kwa uga wake mdogo, na upande wa pili unausikia. Basi. Halijui kama ni bisu, goti bandia, au kitu kinachomweka mama wa mtu hai. Linajua kuna chuma na kiko usawa gani wa mwili, na hapo ndipo limewekewa binadamu pembeni, alijulie yale lisiyoyajua. Kijana yule alikuwa na habari zote. Mgonjwa alimwambia kabla, kadi ilimwambia, taa zilimwambia ni kifuani. Alichobakiza ni kusikiliza tu.

Sasa nifike kwa yule mama msimamizi, maana haki yake nimpe. Alikuja kutokana na sauti yangu, nafikiri akitegemea kunitoa nje. Alimtazama mama kwanza kabla ya kunitazama mimi. Akavua koti lake la kazi, akalishika wazi kama pazia mbele ya mama mpaka alipomaliza kufunga vifungo. Akasema, "Samahani sana, mama. Hukupaswa kufanya hivi hapa." Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasoma kadi, akairudisha kwa mikono miwili. Akamweleza kwamba kuna chumba cha pembeni kwa watu kama yeye, na kwamba anayeomba hupelekwa huko na mkaguzi wa jinsia yake. Kumbe kipo! Hatua nane kutoka pale. Mlango una rangi sawa na ukuta, hauna maandishi yoyote, na hakuna aliyetuambia.

Kwa ajili ya mama yule, mchana ule nilikuwa nimeshafuta hasira. Nilikaa kwenye benchi na mama, mke wangu na binti wakazunguka kwenye farasi wa mbao, na nikajisemea nitawapa nyota tatu, hata nne, kwa sababu mahali penye msimamizi wa namna ile hapawezi kuwa pabaya. Mama alicheka siku hiyo. Mtoto alipopita juu yetu kwenye kibehewa cha mchezo mmoja akipunga mkono, mama alisimama kumpungia naye mpaka kikapotea.

Halafu dawa ya mchana ikakutwa imebaki kwenye gari. Nilitaka kwenda peke yangu, mama akasema anataka kunyoosha miguu. Tukatoka, akameza dawa, tukarudi. Ukitoka unakaguliwa upya, hilo ni sawa, ndiyo utaratibu wao. Kijana alikuwa bado pale pale. Mama msimamizi hakuwepo, zamu labda ilikuwa imebadilika. Nikasema mapema kabisa, "Kaka, ni sisi wa asubuhi. Tunaomba kile chumba cha pembeni." Akamtazama mama na akamkumbuka, nilimwona usoni kwamba amemkumbuka. Akasema, "Chumba kina watu. Pita hapa, mama," na mkono wake ulikuwa umeshachukua kifimbo.

Kwa hiyo siku ile hakuna alichofundishwa. Ile samahani ya asubuhi ilikuwa ya mama msimamizi mwenyewe, haikuwa ya bustani. Alipoondoka, iliondoka naye.

Hatukupita. Nilimwambia mke wangu kwa simu atoke na mtoto. Mtoto alilia njia nzima kwa sababu kulikuwa na mchezo mmoja alioahidiwa, na mama alikaa nyuma akimwomba msamaha. Mama yangu, akimwomba mjukuu wake msamaha kwa kuwa na betri kifuani.

Niliwaandikia. Baada ya siku kadhaa lilikuja jibu la kunishukuru kwa maoni yangu na kunikaribisha tena. Nikaandika mara ya pili nikiuliza mambo mawili tu: je, wakaguzi wenu wanaambiwa betri ya moyo ni nini, na kwa nini mlango wa kile chumba hauna kibao? Sijajibiwa mpaka leo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mama mwenye koti.

Kwa wenye wagonjwa wa moyo au wazee wenye vyuma mwilini: msisubiri mfike langoni. Ombeni chumba cha pembeni mkiwa bado kwenye foleni ya mabegi, na ombeni kwa msimamizi, si kwa aliyeshika kifimbo. Kadi iwe mkononi, na blauzi isifunguliwe nje, hata wakisema nini.

Juzi mama aliniuliza kama tutarudi, maana mtoto bado anauliza ule mchezo. Nilikuwa nimeapa hatutarudi. Nikamwambia nitafikiri. Kisha nikamwona anatoa kadi yake kwenye nailoni, anaangalia pembeni pale alipoishika kwa meno, anapafuta kwa ncha ya kanga. Alama haitoki. Akitaka kurudi nitampeleka, lakini safari hii nitatangulia mimi, na yeyote mwenye kifimbo ataanza na mimi.