Upasuaji wa matundu wa kuondoa tezi ya adrenali: sifa kwa daktari, lawama kwa kijikaratasi

Niliondolewa tezi ya adrenali ya kushoto, moja ya tezi mbili zinazokaa juu ya figo, katika hospitali moja ya umma nchini Uingereza, kwa sababu uvimbe mdogo uliokuwa ndani yake ulikuwa ukimwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi, hata presha ikapanda na potasiamu ikashuka. Kazi iliyofanyika kwenye chumba cha upasuaji ninaisifu bila kusita. Maelezo niliyopewa kuhusu matokeo ya kutarajia siwezi kuyasifu.

Kabla ya daktari wa upasuaji Michel Gagner na wenzake kuitangaza njia hii ya matundu madogo mwaka 1992, tezi yenye uzito wa gramu chache tu ilifikiwa kwa kupasua tumbo au ubavu, kwa kuwa imejificha juu ya figo. Siku hizi matundu matatu au manne yanatosha. Daktari huitambua kwenye skrini kwa rangi yake ya dhahabu, iliyokolea kuliko mafuta yanayoizunguka. Huubana mshipa wake na kuukata, kisha huitia tezi katika mfuko mdogo na kuivuta nje kupitia tundu mojawapo. Upande wa kulia huhitaji uangalifu zaidi, kwani mshipa wake ni mfupi na huingia moja kwa moja katika mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni.

Vidonda vyangu havikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni bega, maumivu yanayoletwa na gesi ya kaboni dayoksaidi inayojazwa tumboni ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Yaliisha yenyewe, lakini ningependa kuambiwa mapema.

Kijikaratasi cha hospitali kilisema kwamba upasuaji "huponya" presha ya aina hii, na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa 705 kutoka vituo 12, ulionyesha kwamba homoni zilirudi sawa kwa asilimia 94 ya waliopimwa, ilhali waliobaki na presha ya kawaida bila dawa yoyote walikuwa asilimia 37 tu. Asilimia 47 wengine walipata nafuu, yaani presha ilishuka au dawa zilipungua. Wanawake na vijana walifanikiwa zaidi. Mimi bado ninameza kidonge kimoja badala ya vitatu, na kwa kipimo hicho nimefaidika, ila aliyeahidiwa kupona atajiona amepunjwa.

Jambo la pili ambalo halikuandikwa popote ni mkono wa nani unaoshika vifaa. Takwimu za Uingereza za mwaka 2013 hadi 2014 zilionyesha upasuaji wa adrenali 795 uliofanywa na madaktari 222, wengi wao wakifanya mmoja tu kwa mwaka. Muulize daktari wako anafanya mingapi kwa mwaka. Jibu likiwa chini ya sita, omba rufaa kwa mwenye uzoefu zaidi, wala usione haya.

Sifa hizi nilizotoa hazimhusu kila mgonjwa. Mwenye feokromositoma, yaani uvimbe wa tezi hii unaomwaga homoni za kupandisha presha kama adrenalini, lazima kwanza atumie dawa za kulegeza mishipa ya damu, kwa kawaida kwa wiki moja au mbili, la sivyo presha yaweza kulipuka tezi inapoguswa. Saratani ya tezi yenyewe ikishukiwa, upasuaji wa wazi ndio unaopendelewa, kwa kuwa uvimbe ukipasuka ndani saratani husambaa. Aliyekuwa na kotisoli nyingi (homoni nyingine ya tezi hizi) kutokana na uvimbe wa tezi moja huweza kuhitaji haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi yake, kwa miezi kadhaa, hadi tezi iliyobaki izinduke.

Anayeondolewa zote mbili atameza haidrokotisoni, na fludrokotisoni inayochukua nafasi ya aldosteroni, maisha yake yote, ataongeza dozi anapopata homa, na akitapika mfululizo atahitaji sindano ya haraka ya haidrokotisoni. Mgonjwa wa namna hiyo asikubali kuruhusiwa kurudi nyumbani kabla hajakabidhiwa sindano hiyo pamoja na kadi ya dharura ya steroidi, inayoonyesha kwamba anategemea dawa hizi, na kabla mtu mmoja wa nyumbani kwake hajafundishwa kuichoma.