Kozi ya semiotiki ya mtandaoni: sheria imeibeba

Semiotiki ni elimu ya ishara na maana zake; nilijiandikisha kwa ajili ya fasihi, nikanaswa na sheria. Mwalimu anaanza na kibao cha bustani, "Vyombo vya usafiri haviruhusiwi", mfano wa mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart wa mwaka 1958. Baiskeli je? Kigari cha mtoto cha kuchezea? Halafu anamleta Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria aliyembishia Hart, na lori lake la vita, lililopandishwa juu ya msingi kuwa ukumbusho: bado ni chombo, au limeshageuka ishara? Hapo nilisimamisha video nikabishana peke yangu. Saussure, mmoja wa waasisi wa semiotiki, kapitiwa mbiombio, na Peirce, mwasisi mwenzake, kasomwa kama orodha ya sokoni. Maswali ya majaribio mepesi mno. Wanaosomea sheria, lipeni. Wa fasihi, subirini ipunguzwe bei.